Alimwondoa Mama Yangu Kwenye Kitabu

Ndugu mwenye ukurasa, Bwana asifiwe. Naomba jina langu ulifiche na mji wa kwetu usiutaje, maana mama yangu bado yu hai na yeye ndiye sababu ya kuandika. Nina miaka arobaini na saba, mjane, Mtanzania wa bara. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mnivumilie. Huu ni mwaka wa sita niko hapa Guangzhou, nanunua nguo na kukusanya mizigo ya wenzangu, tunachangia kontena moja linalopakiwa bandari ya Huangpu kwenda Dar.

Miaka ya mwanzo tulikuwa na kikundi cha maombi, wanawake saba, tunakutana chumbani kwangu mtaa wa Xiaobei kila Jumapili baada ya ibada. Mmoja wetu alikuwa ameacha kufundisha shule ya msingi akaingia kwenye biashara ya simu. Tulimwita Mwalimu. Kwa kuwa alikuwa msomi wetu, tulimpa daftari la maombi: ukitoa ushuhuda au ukitaka kuombewa, anaandika.

Siku yangu ilipofika nikawaeleza jambo ambalo hata watoto wangu sijawahi kuwaambia. Nilipokuwa na miaka tisa baba alifariki, njaa ikaingia, mama akanipeleka kwa familia moja ya mjini nifanye kazi za ndani. Wao wakampa gunia la mahindi. Kule nilipigwa, nikalazwa jikoni pembeni ya majivu. Mama aliposikia, alitembea siku mbili. Alifika mguu umevimba, akasimama mlangoni akasema, "Mahindi tumeshakula, lakini mtoto naondoka naye." Akanibeba mgongoni, na ukubwa wote ule. Mwalimu alilia kuliko wote. Akaniambia, "Dada, hebu rudia hapo pa gunia, niandike vizuri tukuombee."

Mwaka juzi Mwalimu alirudi nyumbani moja kwa moja. Mwaka jana nikasikia ametunga riwaya ya watoto na imepewa tuzo. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake, nawaambia ukweli. Kisha kaka yangu akanipigia simu. Riwaya yenyewe ni ya binti wa miaka tisa aliyebadilishwa na mama yake kwa gunia la mahindi. Huyo mama ana jicho moja lenye doa jeupe. Mama yangu ana doa hilo tangu alipougua surua utotoni, na ni mimi niliyelitaja siku ile ya ushuhuda. Tofauti ni moja: kitabuni mama haji. Binti anatoroka peke yake, anapokelewa na mwalimu wa kike mwenye huruma, anafaulu mitihani.

Mjini kwetu kipo kitabu kimoja tu, mwalimu wa darasa la tano anawasomea watoto kidogo kidogo. Watoto wakamtambua mama. Akipita wanamwita, "Bibi Gunia, leo unauza nani?" Akaacha kwenda kanisani. Nilipompigia alisema neno moja tu, "Kumbe ndivyo ulivyonieleza huko kwa Wachina," akamrudishia kaka simu.

Nikamtafuta Mwalimu. Akaniambia, "Dada yangu, ile ni hadithi, si wewe. Halafu mama akija kumchukua mapema hivyo, kitabu kimekwisha. Majaji walimpenda mtoto anayejiokoa mwenyewe."

Nikamwambia, "Mimi sikujiokoa. Nilibebwa."

Akacheka kidogo. "Ndiyo maana mwandishi ni mimi."

Nilikata simu bila kumtukana. Nikaanza kumsubiri aingie mikononi mwangu, na Mungu anisamehe, nimemsubiri kwa furaha. Mwezi uliopita akanipigia mwenyewe. Kitabu kinachapwa upya huku China kwa sababu ni bei rahisi, maboksi mia na themanini, kigawiwe mashuleni kwenye sherehe ambayo yeye ndiye mgeni rasmi. "Dada wee, niwekee kwenye kontena lako, ninayemwamini huko ni wewe tu." Nikamjibu kwa sauti laini, "Yalete tu, Mwalimu."

Maboksi sasa yako ghalani kwangu. Nilifungua moja, nikasoma siku mbili, kidole juu ya mstari. Ni kizuri. Hapo ndipo panaponiuma zaidi. Yale majivu ameyaandika kama nilivyoyalalia. Nilipokaribia mwisho nikajikuta nasubiri mama atokee mlangoni, kurasa zikaisha.

Kuna mama mmoja wa Kichina anayekusanya makaratasi mtaani kwa baiskeli ya miguu mitatu. Aliyaona maboksi, akanyoosha kidole akaniuliza, "Yao bu yao?" yaani, nayataka au siyataki. Nikamwambia aje Alhamisi asubuhi. Tangu hapo namwona Mwalimu amesimama mbele ya meza yenye kitambaa cheupe, watoto wamejipanga, mezani hakuna kitu. Picha hiyo inanipa usingizi mtamu. Mchungaji wetu wa hapa kaniambia nisamehe. Nimeitikia amina, mdomoni tu.

Ila juzi mama alikubali kuongea nami. Yeye hajui kusoma. Akaniuliza taratibu, "Niambie kweli. Humo kitabuni, mwishoni nakuja?"

Nikamjibu, "Unakuja, mama. Na mguu umevimba."

Nikamsikia akipenga kamasi. "Basi hao watoto hawajafika hapo," akasema. Jumapili akaenda kanisani. Amewaambia kina mama wenzake wasubiri vitabu vipya ambavyo shule ya kwetu imeahidiwa, mjukuu wake atawasomea wote mpaka mwisho.

Kontena linafungwa Ijumaa. Vikiondoka na yule mama wa makaratasi, mama yangu atasubiri kitu kisichokuja. Vikifika, atausikia mwisho huo akiwa amekaa katikati ya wenzake, na atajua kwamba nami nimemdanganya. Ndugu zangu, msinihubirie msamaha, huo nitauomba baadaye. Nipeni akili: Alhamisi nimfungulie ghala au nimrudishe? Na mama yangu nimwambie nini?