Fungu la Mtu Mzima

Nilipoambiwa mume wangu ana ugonjwa wa sukari, niliivamia sukari kama adui. Bakuli la sukari nililiondoa mezani, halua nikaipiga marufuku, majirani waliotuletea visheti nikawagombeza. Halafu, kwa kuwa roho iliniuma kumwona akinywa chai kavu, nikaanza kumfariji kwa mafuta. Wali niliupika kwa tui zito, mkate nikaupaka samli pande zote mbili, nyama nikaichagua ile iliyonona. Miezi ya mwanzo alikuwa na nguvu zake, nami nikajiona hodari kuliko daktari. Mjinga mimi!

Hiyo ilikuwa Moroni, mji mkuu wa visiwa vyetu, mamluki wa Kizungu wakiwa wameishika nchi. Mume wangu alikuwa karani wa serikali, na kila asubuhi kijana mwenye bunduki, wa umri wa kuwa mwanawe, alimpekua mlangoni pa ofisi. Lakini mwaka uliotangulia tulikuwa tumefunga harusi kubwa, miaka kumi na tisa baada ya ile ndogo, watoto wetu wakiwa wameshatupita kimo. Kwetu, mwanamume ambaye hajafunga harusi kubwa huhesabiwa mtoto wa mji hata akiwa na mvi. Sasa alikaa bangweni, kwenye uwanja wa wakubwa wa mji, akasema na akasikilizwa. Na kila ng'ombe alipochinjwa kwa sherehe, fungu lake lilitajwa kwa sauti: nundu na kidari, mafuta tele.

Mdogo wangu alikuwa ameolewa Mutsamudu, kisiwa cha jirani. Alipojifungua kwenye hospitali ya Hombo nilikwenda kumwangalia, na nikiwa huko nikamuuliza daktari mmoja mgeni kwa nini mume wangu ameanza tena kukonda ilhali sukari haigusi. Akataka kujua anakula nini. Nilimtajia chakula chote, kwa fahari.

Alisogeza kiti chake karibu. "Dada, ndani ya kongosho mna seli zinazotengeneza insulini. Mafuta tunayokula huvunjwa yakawa asidi za mafuta, nazo huzunguka kwenye damu. Mwanzoni asidi hizo huzichochea zile seli, zikatoa insulini zaidi. Lakini zikizidi kwa miezi na miaka, na sukari nayo imejaa kwenye damu, seli huchoka. Nyingine hufa."

"Hazioti tena?"

"Hatujajua yote bado. Lakini mimi sijaona zilizokufa zikirudi."

Nilikaa kwenye benchi la ukumbini na khanga mdomoni. Ile nguvu ya miezi ya mwanzo niliyoisifia ilikuwa ni seli zinazokimbizwa hadi zianguke, na mwenye kuzikimbiza nilikuwa mimi. Nilijichukia, nasema wazi.

Niliporudi Moroni nilimweleza mume wangu yote, pamoja na kosa langu. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu.

"Nyumbani nipikie utakavyo, mama watoto," alisema. "Lakini fungu la mji silikatai. Ofisini mimi si kitu. Bangweni nako nikijishusha, nitakuwa nani?"

Nilikwenda jikoni nikaifungia samli kabatini.

Ijumaa iliyofuata fungu likaletwa, na watu wa rika lake wakaja nalo ili wale pamoja. Nilishika kisu nianze kuyaondoa mafuta. Mama yangu, ambaye tuliishi naye nyumba moja, akanishika mkono.

"Wenzake wako sebuleni," akaninong'oneza. "Unataka mkwe wangu apelekewe sahani ya mtoto mbele yao?"

Niliipika nyama kama ilivyokuja. Kutoka jikoni nilimsikia akicheka na wenzake, kicheko ambacho ofisini hakuna aliyewahi kukisikia. Nikalia juu ya sufuria, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Sindano za insulini zilianza mwaka uliofuata. Baadaye macho yakafifia, kisha yakazima kabisa, akawa hawezi tena kwenda bangweni. Wenzake hawakumtupa. Walikutana kwa ajili yake, wakaja nyumbani kunieleza walichokubaliana, wanaume wazima, machozi yakiwalengalenga: kwa kuwa mwenzao hawezi tena kufika, heshima yake isipungue, na tangu siku hiyo fungu lake liongezwe.

Niliwashukuru.