Loretta Ajifunza Kusifu

Loretta Halvorsen, mpishi wa kantini ya shule mjini Duluth, Marekani, alikuwa akimlea mjukuu wake Kaylin, mtoto wa miaka minne aliyeuma watu na kurusha kila alichoshika. Walipofika kliniki ya kusaidia watoto wenye tabia ngumu, Loretta alivikwa kifaa cha kusikilizia sikioni, akaachwa chumbani na mtoto na vitu vya kuchezea. Mshauri wao, Denise, alikaa chumba cha pili nyuma ya kioo, akiwatazama na kumwelekeza kupitia kifaa hicho.

"Msifu," Denise alimwambia sikioni.

"Nimsifu kwa lipi? Kanirushia gari usoni!"

"Hilo lilishapita. Sasa ametulia, anachora. Mwambie."

Loretta aliguna. Yeye mwenyewe alilelewa kwa kufokewa, na hakuzoea kumsifu mtu.

"Haya… napenda unavyochora taratibu, mwanangu."

Kaylin aliinua uso, akamkazia macho. "Bibi, unaumwa?"

Denise aliangua kicheko mpaka sikio la Loretta likavuma.

Waliendelea hivyo kila wiki majira yote ya baridi, na nyumbani walicheza pamoja kidogo kila jioni. Kuuma kuliisha kabisa. Kurusha kulipungua, ingawa Kaylin akiwa na njaa, bado ilibidi mtu ajihadhari.