Pini ya Kabambare Iliyogoma Kutoka

Siku ya nne baada ya kumzika kaka yangu, nilipanda pikipiki kutoka Kasongo kwenda Kabambare. Akina mama wa chama cha wakulima walikuwa wametuma habari: mashine yao ya kupura mpunga imesimama, na mpunga umeshakatwa. Kazi hiyo ilikuwa ya kaka. Yeye ndiye aliyenifundisha ufundi. Nilichukua mfuko wake wa vyuma vya kazi nikaenda. Sikuwa nimelia bado, na njiani sikuwaza jambo lolote.

Beringi ilikuwa imekwisha. Ili kuitoa, lazima puli, lile gurudumu la mkanda, itoke kwanza, na puli ilishikwa na pini. Nilipofuta vumbi na mafuta, niliona si pini. Kilikuwa kipande cha nondo, kimegongwa pande zote mbili mpaka kikatanuka. Kaka alikuwa amenikataza jambo hilo tangu naanza kazi.

"Nani alitengeneza hapa?" nikauliza.

"Ni kaka yako," akajibu mama aliyekuwa mkubwa wa chama. "Kabla ya mvua."

Nilisaga vichwa vya ile nondo kwa tupa. Nikamwaga mazuti, yaani dizeli, ilegeze kutu, nikangoja. Nikapiga, haikusogea. Nikaomba makaa, nikaipasha puli moto pembeni mwa tundu, nikaweka gogo nyuma yake ili chuma kisipinde, nikapiga tena. Ndipo nilipoona makovu ya nyundo kuzunguka lile tundu. Yalikuwa mengi, yametawanyika kama ya mtu anayejifunza. Kaka hakuwa mtu wa kukosa shabaha.

Niliendelea kupiga.

"Fundi," yule mama akasema, "mukono yako inatoka damu."

Nikatazama. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umepasuka. Sikuwa nimesikia maumivu.

Alinifunga kwa kitambaa. Akiwa bado ameshika mkono wangu, akasema polepole, "Siku ile alikuwa anakaa chini kila mara. Mukono ilikuwa inatetemeka. Alituomba tusiambie mutu."

"Hata mimi?"

"Zaidi wewe."

Nilisema sawa. Nikarudi kwenye mashine. Nondo ilitoka mchana, ikaangukia kwenye makapi. Nikavuta puli, nikabadilisha beringi, nikaweka pini ya kweli niliyoipaka grisi ili atakayekuja baadaye asiteseke. Mashine ikawaka. Wakaanza kulisha mpunga, na vumbi likajaa uwanjani. Wakanipa chai na muhogo.

Kesho yake nilifika Kasongo. Mke wa kaka alikuwa amekaa barazani na wageni wa msiba. Akaniuliza mashine ilikuwa na nini.

"Pini tu, shemeji. Iligoma kutoka."

"Na kidole?"

"Nyundo iliteleza."

Akaniletea maji ya kunawa, kisha wali na sombe ya majani ya muhogo. Nikala mpaka sahani ikaisha.