Wafula Aligonga Mkeka

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumamosi pale Kitale, mwanangu, na ningependa nisiikumbuke. Lakini jana, nikiwafundisha mazoezini, nilikuona umemkaba mwenzako, akagonga mkeka, nawe ukakawia kumwachia. Ulikawia kidogo tu, najua. Nilifika nyumbani nikashindwa kula. Kwa hiyo keti, kunywa chai yako, unisikilize mpaka mwisho, na usiniangalie hivyo, sijakuita kukusifu.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu, mimi ndiye niliyekuwa bingwa. Huwezi kuamini ukiona kitambi hiki. Mchezo wetu ulichanganya ngumi, mateke na mieleka, na tulifanyia mazoezi katika ghala la zamani la mahindi, juu ya magunia tuliyoyajaza maranda ya mbao na kuyashona pamoja. Huo ndio uliokuwa mkeka wetu. Kocha wetu, Mzee Swaleh, aliyeuza viatu karibu na msikiti, alikuwa na sheria moja isiyojadiliwa: mwenzako akigonga mkeka mara mbili, yaani amesalimu amri, unaachia papo hapo.

Watu hudhani bingwa hulala vizuri. Mimi sikulala, niliogopa. Kabla ya kupata mkanda wa ubingwa nilikuwa napigana huku nacheka. Nilipoupata, kila kijana aliyeingia ghalani nilimwona amekuja kuninyang'anya. Aliyenitisha zaidi ni Wafula, rafiki yangu, mtu wa Saboti, aliyekama ng'ombe wanane kila alfajiri kabla ya kuja mazoezini. Vidole vyake vikikushika, umeshikwa. Mwezi ule alikuwa ameniangusha mara tatu, tena akitabasamu, na wenzetu walianza kunong'ona.

Asubuhi hiyo watu walijaa mlangoni kututazama, maana zilibaki wiki tatu niende Bungoma kuutetea mkanda. Wafula akaniangusha tena. Watu wakacheka. Nikapandwa na hasira, nikajigeuza, nikaubana mkono wake wa kulia kati ya mapaja yangu na kuuvuta mpaka kiwiko kikakakamaa. Akagonga kwa ule wa kushoto, upande wa ukutani, ambako watu wa mlangoni hawakuona. Lakini mimi nilisikia, mwanangu. Mkeka wa maranda una sauti yake, paf, paf, na masikio yangu yalikuwa mazima. Nilitaka tu wale waliocheka waone vizuri. Nikavuta tena.

Kiwiko kililia. Wafula hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Si nimegonga, bana," kama mtu anayekukumbusha kitu ulichosahau.

Mzee Swaleh alikuja mbio kutoka nje. "Aligonga?" akaniuliza.

"Hakugonga," nikasema.

Akamgeukia Wafula. Wafula akanitazama, akautazama mkanda wangu uliotundikwa ukutani, akasema, "Labda nilichelewa, kocha." Alijua akisema kweli nitafungiwa, na safari ya Bungoma itakufa. Alinilinda huku mkono wake ukining'inia. Nami nikanyamaza. Nimefanya makosa mengine mengi, mke wangu anaweza kukuhesabia, lakini kunyamaza kule ndiko kunakonichoma hadi leo.

Nikaenda Bungoma, nikashinda. Ukumbi mzima ulisimama ukiimba jina langu. Nikauinua mkanda, nikatupa macho kwa watu wa Kitale, nikamwona Wafula safu ya mbele, mkono umewekwa plasta. Alikuwa amesafiri kuja kunishangilia. Kwa kuwa hangeweza kupiga makofi kwa mkono mmoja, alikuwa anapiga paja lake kwa kiganja. Paf, paf. Paf, paf. Uso ukaniwaka moto. Watu walidhani machozi yale ni ya ushindi, nami nikawaacha wadhani hivyo.

Kesho yake nilikwenda Saboti. Nilimkuta mama yake Wafula zizini, mtu mzima vile, ameinama chini ya ng'ombe kwa sababu mwanawe hakuweza tena. Akaniita bingwa, akataka aende aniwekee chai. Nikamwambia palepale, nimesimama kwenye matope, "Mama, Wafula aligonga. Mimi nilisikia."

Hakunitukana. Akainuka, akanisukumia ndoo na kigoda. "Basi keti uzikame," akasema. "Hizi ng'ombe hazingoji mtu amalize kuona aibu."

Nilikama vibaya, ng'ombe akanipiga teke mbele ya Wafula, naye akacheka. Nilirudi kila alfajiri kwa miezi minne. Jioni ya siku ile ya kwanza nilimwambia na Mzee Swaleh. Aliuchukua mkanda, akanifungia mwaka mzima. Mkono wa Wafula ulipona, lakini haukunyooka, na hakupigana tena. Siku hizi tukikutana ananisalimu kwa ule wa kushoto, ananiita blaza, ananiuliza habari za watoto. Alinisamehe zamani. Mimi bado siwezi kuutazama ule wa kulia.

Sasa nisikilize. Ukiwa bingwa utaogopa, na kuogopa si aibu. Njoo uniambie, hata kama ni jambo la kijinga. Lakini usimtwishe mwenzako woga wako. Akigonga, achia, hata kama mlango mzima unakucheka. Na ukikawia, sema siku hiyohiyo kwamba ulikawia, kabla mtu mwema hajaubeba uongo wako kwa niaba yako. Kesho, kabla hatujaanza mazoezi, utakwenda kwa yule uliyemkaba umwombe radhi mbele ya wote. Nitakuwa nimesimama hapo.

Mungu akupe ushindi, mwanangu, na akupe masikio ya kusikia mkeka ukigongwa. Na kila mtu utakayemshika kwa mikono hiyo, Mungu amjalie arudi nyumbani akakame ng'ombe wake.