Maji Matamu Chini ya Nguzo ya Tisa

Mselem Bakr wa Matondoni alikuwa na miaka arubaini na tisa, na tangu ujana wake alikuwa na kazi moja tu: kuzamia kamba mawe, wale kamba wakubwa wanaojificha kwenye nyufa za miamba. Hakutumia mtungi wa hewa. Alivaa miwani na mapezi ya mpira, akavuta pumzi mbili ndogo na moja kubwa, akashuka. Waliofuatana naye baharini walisema angekaa chini mpaka aliye juu aanze kumsomea dua. Kina kilikuwa kimelimaliza sikio lake la kushoto, kwa hivyo aliyetaka kuzungumza naye alihamia upande wa kulia, na hata hapo alijibiwa maneno machache.

Mkewe, Hayat, alisomesha darasa la tatu katika shule moja ya upande wa Kililana, bara. Kila asubuhi alivuka kwa boti, na kila alasiri akarudi. Zamani ilikuwa safari ya raha. Lakini tangu bandari mpya ianze kazi, gati la bara lilizidiwa. Vibarua wa bandari, magunia ya saruji, kreti za soda, mbuzi, wagonjwa waliobebwa kwenye machela, wote waligombea ngazi moja yenye ukoga. Maji yakipwa, boti mbili tu ndizo zilizoweza kusogea, na nyingine zilingoja nje huku abiria wakichomwa na jua.

Alhamisi moja mchana, Hayat alikuwa akishuka ngazi hiyo, umati ukasukumana nyuma yake. Akaanguka kati ya boti na ukuta wa gati. Wimbi likairudisha boti. Alinusurika kwa rehema za Mola, ila mkono wake wa kulia ulivunjika mahali pawili, na ulipopona, ulipona umepinda. Akajifunza upya kuandika ubaoni, kwa mkono wa kushoto, wanafunzi wake wa darasa la tatu wakimsubiri kwa adabu kila herufi.

Ndiyo maana habari ya daraja ilipofika Matondoni, Mselem alikwenda kusikiliza, yeye ambaye hakuwa mtu wa mikutano. Afisa aliyetumwa alitandika ramani juu ya meza ya madrasa. Daraja litatoka Kililana hadi Matondoni, alisema. Litapunguza msongamano wa gatini, mazao ya bara yatafika mjini Amu siku ileile yanapovunwa, na nchi nzima ya visiwa itafunguka kwa biashara. Magari yatakayopita yatalipa, ili gharama ya ujenzi irudi.

Husni, aliyekuwa na punda saba wa kubeba mizigo, aliinua mkono.

"Bwana, nina suali. Gari litalipa, hilo nimefahamu. Na punda?"

Afisa alifunua karatasi zake, ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Punda hakuandikwa," alisema.

"Basi naandikwe. Kwetu sisi punda ndiye gari."

Watu walicheka, lakini suali liliandikwa, na jawabu lilikuja baada ya mwaka: waendao kwa miguu na wanyama wao watapita bure.

Ujenzi ulipoanza, kampuni ilitafuta wazamiaji wa pale pale, watu wa kufunga minyororo chini na kuokota vilivyoanguka. Mselem aliandikishwa. Siku ya kwanza alipopanda tishari, ile meli bapa iliyobeba mitambo, alisimama pembeni na kofia yake mpya ya plastiki mkononi, akasahau kuivaa. Mbele yake winchi ilikuwa ikiinua bomba la chuma refu kama minazi mitatu iliyoungwa, na pana kiasi kwamba ng'ombe angesimama ndani yake akageuka. Bomba lilipanda polepole, likasimama wima angani, halafu likashushwa majini kwa utulivu, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Mselem alikuwa ameiona bahari ikila vyombo, nyavu na watu. Hakuwahi kuona binadamu wakiichoma bahari mpaka mifupani.

Aliporudi nyumbani Hayat alimuuliza, "Kazi yenyewe ikoje?"

"Sina maneno," alijibu, na mkewe alijua kwamba safari hii si kwa sababu ya uchache wa kawaida.

Nguzo moja baada ya nyingine zilisimama. Kila moja ilianza hivyohivyo: bomba linashuka mpaka kwenye mwamba, tope linafyonzwa, nondo zinateremshwa, zege linamiminwa. Nguzo nane zilikubali. Ya tisa ilikataa.

Walimimina zege alasiri nzima. Asubuhi, walipopima, sehemu kubwa ya zege ilikuwa haipo. Wakachimba tena, wakamimina tena. Safari hii ukuta wa shimo ukaporomoka kabla zege halijashika. Mhandisi wa misingi, Bi Valary, mwanamke kijana kutoka Kakamega, alisimamisha kazi. Siku nne alikaa juu ya tishari akitazama karatasi zake za vipimo, na vipimo vilimwambia kwamba mwamba ni mzima. Vibarua walianza kunong'ona habari za majini wa baharini. Mmoja aliomba asomewe dua kabla ya kushuka tena.

Mselem alisikia yote kwa sikio lake la kulia, akanyamaza.

Asubuhi ya siku ya tano hakula. Hayat aliona mkate wa mofa uko palepale sahanini na chai imepoa.

"Wafikiri nini, babake Ibtihal?" Ibtihal alikuwa binti yao wa kwanza, aliyeolewa Chundwa.

"Nafikiri lile shimo."

"Shimo gani?"

Walikuwa wameoana miaka ishirini na mitatu, na hakuwahi kumwambia. Alimwambia sasa. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alimfuata kamba mkubwa hadi kwenye ufa, pima saba chini. Aliingiza kichwa ndani ya ufa, na baridi ikampiga usoni. Maji yalimpenya pembeni mwa mdomo, naye akajua ladha yake kabla hajaamini. Yalikuwa maji ya kunywa.

"Mai yale hutoka tini ya mwamba," alisema. "Ni matamu kama ya kisima."

"Tini ya bahari?"

"Tini ya bahari. Nilimwambia baba peke yake. Akaniusia nisimwambie mtu, kwani kamba hupenda pale kuliko mahali popote, na watu wakijua wataparamia. Kamba niliosomeshea watoto wote wametoka pale, Hayat."

Hayat alishika kikombe kwa mkono wake wa kushoto, asinywe. "Na nguzo ya tisa iko wapi?"

"Karibu yuu yake. Hatua kumi hivi, au pungufu."

"Ukinyamaza itakuwaje?"

"Watajaribu tena. Zege litaondoka. Au litashika kidogo, wafurahi, wajenge. Halafu siku moya liondoke, na watu wako yuu."

"Basi umeshajijibu," alisema Hayat, akaisogeza mofa karibu naye.

Mselem alimkuta Bi Valary ameketi kivulini mwa winchi. Hakujua pa kuanzia, kwa hivyo alianza katikati. Alimwambia kuna maji matamu chini ya nguzo yake. Bi Valary hakucheka, wala hakuonyesha kusadiki.

"Mzee Mselem, umeyaonja mwenyewe?"

"Miaka thalathini nayaonja."

"Basi nipeleke."

Walishuka saa nne, maji yakiwa yamejaa na kutulia. Bi Valary alikuwa na mtungi wa hewa mgongoni; Mselem alikuwa na pumzi zake na chupa ya soda iliyozibwa kwa kizibo cha mbao. Chini, mwangaza ulikuwa wa kijani. Mselem alipita kando ya bomba la chuma, akaufuata mwamba kwa mkono mpaka akaufikia ufa. Pale maji yalikuwa yakitetemeka kama hewa juu ya jiko la makaa. Alimshika mhandisi kifundo cha mkono akauingiza mkono wake ufani. Akaona macho ya yule mwanamke yakipanuka nyuma ya kioo cha miwani. Kisha Mselem akaisukuma chupa ndani kadiri mkono wake ulivyofika, akaizibua, akahesabu mpaka kumi, akaiziba, akapanda juu.

Walipofika juu ya tishari Bi Valary alitia kijiti cha kupimia chumvi ndani ya chupa. Alisoma namba. Akakifuta kijiti, akakitia tena, akasoma tena. Halafu aliweka vyombo vyake vyote chini, akaiinua chupa akanywa.

"Ni matamu," alisema taratibu, akakaa juu ya kamba iliyokunjwa.

Vibarua walikuwa wamewazunguka. Chupa ikapita mkono kwa mkono, kila mtu tone moja. Aliyetaka kusomewa alionja, akasema "Subhana Llah," akampa wa pili yake. Kwa muda hakuna mtu aliyerudi kazini, wala hakuna msimamizi aliyewaamrisha.

"Yametoka wapi haya, Mzee?" aliuliza Bi Valary.

"Mimi najua yatokeapo. Yatokako sijui."

Bi Valary alijua, au alikisia. Alimchorea kwenye ubao kwa chaki: mvua inanyesha bara, mbali, huko nyuma ya mashamba ya Kililana. Inazama kwenye mawe, inatafuta njia gizani, inatembea chini ya ardhi, inapita chini ya pwani, inapita chini ya tope na bahari, mpaka inapata ufa. Ndiyo iliyokuwa ikiosha zege lake.

"Huenda ni safari ya miaka mingi sana," alisema. "Maji uliyokunywa leo pengine yalinyesha kabla hujazaliwa."

Mselem aliutazama mchoro ule mpaka wenzake walipokuwa wameshapanda boti ya kwenda nyumbani. Miaka thalathini alipajua pale kama mtu anavyojua mfuko wake, kumbe alikuwa akijua mlango tu wa nyumba isiyo na mwisho.

Mabwana wakubwa wa kampuni walisema haiwezekani maji matamu kuwa chini ya bahari. Mmoja wao alikuja mwenyewe, akaonja, akarudi alikotoka bila kubishana. Ilichukua miezi tisa kubadilisha michoro. Nguzo ya tisa ilisogezwa upande wa bara, ikapata mwamba mkavu, na nafasi kati yake na ya kumi ikarefushwa kuliko zote. Mselem alikuwa ameshakubali moyoni kwamba ufa utazibwa, akamuuliza Bi Valary lini.

"Hatuzibi," alijibu. "Tukiyazibia hapa yatatafuta njia nyingine, na hiyo hatutaijua."

Hata hivyo kelele za mitambo ziliwafukuza kamba. Kwa misimu minne Mselem hakupata hata mmoja pale, akaishi kwa mshahara wa tishari. Hakulalamika. Akiulizwa na Husni kama anajuta, alisema, "Siku ya majuto haijaya."

Siku moja kabla ya kipande cha mwisho cha sakafu kuwekwa, Bi Valary alimwita apande. Mselem alikuwa ameijenga misingi ya daraja lakini hakuwahi kukanyaga juu yake. Walitembea kutoka Matondoni kwa miguu, upepo ukiwapiga ubavuni. Daraja lilipanda katikati ili vyombo vyenye milingoti mirefu vipite, na ndipo pale juu, penye pengo, waliposimama. Fundi alimfunga mkanda wa usalama, na Mselem akaushika ukingo.

Mselem aliinama kutazama chini.

Umri wake wote alikuwa ameitazama dari ya maji kutoka ndani: kitako cha boti, jua likivunjikavunjika. Sasa aliiona bahari ile ile kutoka juu, na ilikuwa na ramani. Aliona migongo ya miamba iliyomchana miguu, iliyolala sambamba kama mistari ya mkeka wa kuswalia. Aliona mkondo ambao karibu umchukue mwaka alioozesha binti yake, nao ulikuwa ukanda wa buluu nzito tu, usioonyesha ubaya wowote. Na karibu na nguzo ya tisa aliona doa dogo, la rangi nyepesi kuliko maji yaliyolizunguka, likienda na kurudi kama kitu kinachopumua. Sehemu yote aliyotolea riziki yake, aliyodhani ni kubwa, ilienea chini ya kiganja chake alipokinyoosha. Mbele kulikuwa na mikoko isiyo na hesabu, kisha mashamba ya Kililana, kisha nchi kavu ikaenda mpaka macho yakashindwa.

Alianza kuchuchumaa. Bi Valary alidhani ni kizunguzungu, akamshika bega.

"Sivyo," alisema Mselem. "Niachie kidogo."

Alikaa palepale juu ya zege, akalia bila sauti. Alipoulizwa baadaye na Hayat kilichomliza, alisema hakuwa na huzuni hata chembe. Alisema alijiona mdogo, na kwamba ilikuwa raha kujiona hivyo.

Daraja lilifunguliwa mwezi uliofuata. Malori yalilipa kwenye kibanda na kupita. Punda wa Husni walipita bure, wa kwanza akakataa kukanyaga sakafu nyeusi mpaka aliponusa kila upande. Matikiti ya Kililana yalianza kufika sokoni Amu kabla ya adhuhuri. Gatini pakabaki nafasi ya mtu kutandika mkeka. Wenye boti walipoteza abiria, na baadhi yao walikasirika kwa haki. Wengine walihamia safari za Pate, ambako daraja halijafika. Hayat sasa huenda shule kwa basi, dakika kumi na moja, na katika basi husahihisha daftari.

Kampuni inayolitunza daraja humwita Mselem mara mbili kwa mwaka akakague nguzo. Hushuka na miwani yake ileile, akipapasa zege kwa viganja, nguzo baada ya nguzo. Mwaka huu alizikuta zimeota chaza na matumbawe machanga, na samaki wadogo wamehamia. Alipewa fomu ya kueleza hali ya nguzo, mistari ishirini. Akaijaza kwa neno moja kwenye kila mstari: nzima.

Mchana wa Ijumaa, baada ya swala, alitembea hadi katikati ya daraja bila haja yoyote. Lori la mbao lilipita nyuma yake, na sakafu ikatikisika kidogo chini ya nyayo zake. Aliweka mkono kwenye ukingo wa chuma, akausikia mtikisiko ukishuka kwenda chini, kwenye nguzo, kwenye mwamba, hadi kule asikofika mtu. Likaja lori jingine. Akangojea litikise tena.