Gari Lililokula Matairi Baada ya Matanga

Kila ninapopita mbele ya duka la matairi, harufu ya mpira mpya hunishika kooni, na mkono wangu wa kulia hutaka kwenda chini kupapasa. Wenzangu wakikumbuka utoto hukumbuka uji au nyimbo za shuleni. Mimi nakumbuka tairi la mbele kushoto la gari la marehemu baba, na hofu ya kulipapasa kila jioni kabla ya chakula ili nijue kama wadogo zangu watabaki nami.

Niwaeleze ilivyokuwa. Mama alitangulia, na Baba akamfuata mwaka ule nilioingia kidato cha kwanza. Tukabaki watatu katika boma letu kule Ndhiwa: mimi Akoth, Ouma aliyenifuata, na Awuor ambaye meno yake ya mbele yalikuwa bado hayajaota upya. Shule niliiacha kimya kimya. Nilikunja sare nikaiweka chini ya godoro, nikaanza kupika.

Baada ya matanga wazee wa ukoo walikaa wakaamua. Gari la Baba, stesheni wagoni ya kijivu, lingeendelea kubeba mizigo, likiendeshwa na Baba Mdogo, yaani ndugu yake Baba. Likitulisha, tungebaki pamoja. Likishindwa, lingeuzwa, Ouma angekwenda kwa shangazi Rangwe, Awuor angepelekwa kwa ndugu za Mama karibu na Isebania, nami ningetafutiwa kazi ya nyumbani mjini. Waliyasema hayo kwa upole, kama watu wanaogawana viti vya kurudisha baada ya mkutano.

Kwa hiyo gari likawa ndilo mzazi wetu. Baba Mdogo alibeba omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Homa Bay hadi Migori, na gari zima likanuka samaki mpaka nguo zetu za kanisani. Hilo halikutusumbua. Kilichotusumbua ni kwamba lilianza kula matairi. Lile la mbele kushoto ndilo lililoumia zaidi. Lilifungwa jipya, na kabla ya msimu wa mvua kukatika lilikuwa limekuwa laini kama kisogo cha mtoto aliyenyolewa.

Kwanza Baba Mdogo alilaumu matairi yenyewe. Aliyanunua Isebania, ya mtumba, meusi na yanayong'aa kama viatu vya bwana harusi. Kumbe mng'ao ule ulikuwa wa kupakwa, na mifereji ilikuwa imechongwa upya kwa kisu cha moto. Akanunua mengine, nayo yakaisha. Akalaumu barabara. Madereva wenzake wakamshauri ayajaze upepo mpaka yawe magumu kama jiwe, eti mzigo usiyakandamize. Akayajaza, na sasa yakaanza kulika katikati pia. Jirani yetu, mama mmoja asiyekosa neno, akasema gari linamlilia mwenyewe. Mchungaji akaja Sabato alasiri, akaweka mikono juu ya boneti, akaomba mpaka Awuor akasinzia. Ouma akaniuliza kwa sauti ya chini kwa nini hakulishika tairi lenyewe.

Mimi nililishika. Nikipapasa kutoka nje kwenda ndani, kiganja kiliteleza. Nikikirudisha, mpira ulinikwaruza kama meno ya msumeno. Sikujua maana yake. Nilijua tu kwamba mchanga wa barabarani hauna sababu ya kuchagua upande.

Baba Mdogo naye alibadilika. Alikuwa mtu wa mizaha, lakini sasa akishuka garini hakulitazama tena. Aliliegesha nyuma ya jiko, mahali ambapo kaburi la Baba halikuonekana. Nilidhani amelichoka na anataka liuzwe, na moyoni nikaanza kumchukia kidogo kidogo.

Asubuhi moja nilipopapasa, kitu kilinichoma kidole. Zilikuwa nyuzi za chuma, zimetoka nje ya mpira. Baba Mdogo aliinama, akaziona, akainuka bila kunitazama. Alisema Migori kuna mtu anayelitaka gari, kwa hiyo tukishusha omena tutampelekea alione. Kisha akaongeza kwamba ni vizuri Ouma akifunga nguo zake.

Nilimwambia nakwenda naye. Alikataa, nikapanda, nikafunga mlango.

Safari ile siwezi kuikumbuka bila jasho. Tairi la akiba lilikuwa limekwisha zamani. Nyuma tulikuwa na magunia ya omena, na chini yangu, upande wa kushoto kabisa, nyuzi zile zilikuwa zikizunguka. Kila tulipopita kokoto nilisikia sauti mpya nikadhani tairi limepasuka. Tulipokutana na malori, Baba Mdogo alikaza usukani kwa mikono yote miwili, akiuvuta kulia, maana gari lilitaka kwenda kushoto kama ng'ombe anayejua njia ya kwao. Kwenye mteremko wa kuingia mjini nilishika kiti mpaka vidole vikafa ganzi.

Tuliposhusha mzigo nikamwambia, "Baba Mdogo, hakuna mtu atakayelipenda gari lenye nyuzi nje. Tununue kwanza tairi."

Akakubali kwa uchovu. Tukasimama kwenye duka la Mzee Salim, mfanyabiashara kutoka pwani aliyeongea Kiswahili kitamu kuliko redio. Baba Mdogo aliagiza tairi jipya. Mzee Salim hakwenda kulichukua. Alichuchumaa kwenye lile bovu, akapitisha kiganja kwenda, akakirudisha.

"Kwenda linateleza, kurudi linauma," nikasema.

Akanitazama. "Kumbe wewe ugonjwa unaujua, mwanangu. Jina lake tu ndilo hujaambiwa." Kisha akamgeukia Baba Mdogo. "Mzee wangu, nikikuuzia tairi leo, utarudi karibuni kunitukana, na utakuwa na haki. Gari hili liligonga nini?"

Nilijibu mimi, nikirudia maneno ya Baba Mdogo, kwamba ni barabara. Akasema barabara hula yote manne; hili gurudumu halitazami mbele, linaburutwa upande.

Baba Mdogo aliegemea ukuta. Alipofungua mdomo hakumjibu mwenye duka, alisema nami. "Akoth, nyathina. Ile siku ya tero buru."

Nyathina kwa Kijaluo ni mwanangu. Na tero buru ni desturi yetu ya kukifukuza kifo: mwanamume akishazikwa, vijana na ng'ombe hukimbia kwa kelele hadi mpakani, kifo kisikae bomani. Baba hakuwa na fahali wa kujivunia, alikuwa na gari. Basi ukoo ukasema gari nalo litoke na ng'ombe, na Baba Mdogo akalipeleka mbio katikati ya mashamba, watu wakiimba juu ya paa. Niliyaona hayo kwa macho yangu. Sikujua kilichotokea huko mbele.

"Nilipanda kichuguu," akasema. "Sikukiona. Nilikuwa nalia. Tangu siku hiyo kila likivuta kushoto, namwona tu baba yako."

Mzee Salim akatupeleka kwa fundi wa jirani mwenye mashine ya kupima kama magurudumu yanatazama mbele sawasawa. Chuma kinachoshika gurudumu la kushoto kilikuwa kimepinda. Kilipobadilishwa, ndipo Mzee Salim akanichagulia tairi, mimi, kana kwamba gari lilikuwa langu. Alinionyesha ubavuni tarakimu za juma na mwaka lilipotengenezwa, akanikataza kununua lililolala dukani likakauka. Alinichagulia lenye ubavu mgumu, la gari la mizigo. Kipimo cha upepo, akasema, usikiulize kwa madereva wa stendi. Kimeandikwa kwenye ukingo wa mlango wa dereva. Na nisisahau kuyahamisha matairi ya mbele kwenda nyuma, yazeeke pamoja.

Mtu wa kununua gari alitusubiri mpaka akaenda zake. Jioni tuliporudi nyumbani, nilimkuta Ouma amekaa juu ya mfuko wake mlangoni, Awuor ameushika kwa mikono miwili. Nilimwambia aufungue.

Tairi lile lilidumu. Wadogo zangu walisoma kwa mgongo wa gari lile, na leo nina magari mawili ya mizigo ambayo hayatoki bomani kabla sijayapapasa. Nilipokuwa mtoto nilidhani Baba Mdogo alitaka kuuza gari kwa kuwa hakutujali. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kwetu gari lilikuwa chakula, lakini yeye alikuwa amepewa msiba auendeshe kila siku, wenye mzigo nyuma na watoto watatu wakimsubiri. Na yule jirani yetu, tuliyemcheka aliposema gari linamlilia mwenyewe, hakuwa mbali sana na ukweli.

Baba Mdogo sasa ni mzee. Siku mojamoja huniomba usukani, kwenye barabara nyoofu ya Rangwe. Gari langu halivuti popote. Lakini mikono yake, bila yeye kujua, bado huukaza usukani kidogo kuelekea kulia, nami sijawahi kumwambia.