Kuku wa Ijumaa

Mume wangu alikuwa mchinjaji na mimi mke wa mchinjaji, maana yake miaka thelathini nimefua kanzu zenye damu na sijawahi kununua ini. Hapa mtaani kwetu Buyenzi watu walimjua kwa mkono wake. Kisu kikipita kimepita, harudii. Na kabla ya kisu alisoma "Bismillahi, Allahu akbar" kwa sauti ambayo hata mwenye ng'ombe aliyesimama nyuma aliisikia. Kila mnyama na Bismillahi yake, alikuwa akisema, huwezi kusoma moja ukachinja watatu. Idi ya kuchinja ikifika, mtaa mzima ulileta mbuzi uani kwetu, wakitoka kuswali wakamwachia kamba na kwenda zao.

Kwa habari ya kupe nilimgombeza mimi. Mzee alikuwa na mazoea yake: kabla ya kumlaza ng'ombe, anamshika sikio, anang'oa kupe mmoja mmoja na kuwapasua kwa kucha za vidole gumba, huku anaendelea na mazungumzo yake. Nilimwambia mara mia, mzee, uchafu huo, na mikono hiyohiyo ndiyo unakulia. Akanijibu kwamba babu yake alifanya hivyo na alikufa na meno yote. Leo kuna majirani wananisifu eti niliona mbali. Sikuona kitu. Mimi nilikuwa nachukizwa tu, wala sikujua kwamba kupe anabeba homa ya kuua mtu.

Siku moja waliletwa ng'ombe kutoka upande wa Ruziba, wamejaa kupe mpaka chini ya mkia. Siku chache baadaye mzee akaanza kutetemeka. Akasema ni malaria, akanywa vidonge kimyakimya, akaenda kazini siku mbili zaidi ili nisimsumbue. Mficha maradhi kifo humuumbua. Siku ya nne nilikuta damu ya fizi kwenye mto, na mikononi ametoka madoa meusi kama mtu aliyepigwa.

Hospitalini walimweka chumba cha peke yake, na waliomhudumia walivaa plastiki kuanzia kichwani mpaka miguuni. Mimi sikuruhusiwa kuingia. Mafuta yalikuwa hayapatikani mjini, mabasi yamelala, kwa hiyo nilikuwa natembea kwa miguu kutoka Buyenzi mpaka juu kule Kamenge na chupa yangu ya uji, naikabidhi mlangoni, kisha nasimama kwenye dirisha la kioo. Wiki tatu nimeongea naye kwa mikono. Nilikuwa namwonyesha kidole juu, kwamba Mungu yupo, naye siku nyingine hakuwa na nguvu ya kugeuza macho. Daktari aliniambia wengi wanaoingia chumba kile hawatoki. Wa kwangu alitoka, alhamdulillahi, na karatasi yenye muhuri iliyoandikwa amepona.

Tukasoma dua, nikapika pilau, nikadhani yamekwisha.

Nywele zikaanza kutoka, zikabaki kama shamba lililoliwa na mbuzi. Alikuwa akienda msikitini na kurudi, mwendo wa dakika tano, analala mpaka alasiri. Sikio la kushoto linamlilia mchana kutwa. Kikombe cha chai kikawa kinamwagika kabla ya kufika mdomoni. Alikuwa akiniita kwa jina la marehemu dada yake, halafu anaona aibu. Siku moja nilimkuta analia mbele ya redio, nikamuuliza nani amekufa, akasema hakuna, wanatangaza bei ya mahindi. Nilicheka pale, Mungu anisamehe. Usiku nililia mimi.

Baada ya miezi kadhaa nikamrudisha kwa daktari, msichana mpole wa umri wa binti yetu mdogo. Akampima, damu safi. Akasema homa imetoka, lakini ilikopita imeharibu. Kuna wanaorudi sawa baada ya miezi, wengine miaka, na hatanidanganya, wapo wasiorudi walivyokuwa. Nikamwakia. Nikamwuliza sasa ile karatasi ya amepona ilikuwa ya nini, ya kufungia karanga? Alishika mkono wa mzee, akautazama unavyotetemeka, akaandika dawa.

Tulivyokuwa tunateremka kurudi nyumbani, tumepumzika mara nne njiani, mzee akasimama.

"Mi nataka Idi tu," akasema. "Nikichinja Idi, nimepona."

Basi kuanzia pale tukawa na kuku wa Ijumaa. Idi ilikuwa bado miezi mitano. Kila Ijumaa asubuhi nilinunua kuku mmoja, binti zetu wote wameshaolewa na kuondoka, kwa hiyo mshika mabawa na miguu ni mimi. Kuku wa kwanza nilifumba macho. Mkono ulicheza, kisu kikasitasita, na mtu ambaye amelaza mafahali alishindwa na shingo nyembamba kama ile. Hakula siku hiyo. Ijumaa iliyofuata alikuwa amekaa tayari kwenye kigoda, ameshanoa kisu mara mbili. Polepole mkono ukatulia. Mwezi wa tatu nilikuwa nafumbua macho.

Ila ndipo yakaanza maswali. Akishachinja ananiangalia. "Nimesoma?" Namwambia umesoma. Na kweli alikuwa amesoma, nimemsikia kwa masikio yangu, lakini yeye tayari imemtoka. Ikawa desturi yetu, kama kuulizana chumvi imetiwa au bado. Nikawa namtania, mzee, unataka nikupe hati ya mahakama? Anacheka. Kumbe kila Ijumaa alikuwa anajipima, na kipimo chenyewe ni mimi.

Ijumaa moja, wiki tatu kabla ya Idi, alimshika kuku, akamlaza manyoya ya shingo kwa kidole gumba. Nilikuwa karibu naye, naona jasho kwenye masharubu. Akatazama ukuta. Midomo ilikuwa imefungwa. Nikasubiri. Kisu kikapita, safi, mara moja, mkato mzuri kuliko yote tangu atoke hospitalini. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na yeye aliliona hilo. Uso ukamng'aa kama wa bwana harusi.

"Nimesoma?"

Astaghfirullah, ningesema nini?

"Umesoma, mzee. Nimesikia."

Nikampika kuku yule kwa nyanya na pilipili kidogo, nikasonga bugali, nikapika na sombe ya majani ya muhogo niliyotwanga mwenyewe. Mzee alikula kwa raha, akasema leo chakula kina ladha, na muda mrefu hakuwa anasikia ladha ya chochote. Mimi nikawa namega bugali na kuchovya kwenye sombe. Akaniuliza, kuku huli? Nikasema tumbo linanisumbua. Mimi, ambaye tangu ndoa yetu sijawahi kuachia kipaja kikapoa.

Sasa niseme wazi nilichokuwa najua. Nilijua kwamba aliyesahau amesamehewa. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alitufundisha hivyo nikiwa bado na pengo la meno ya mbele: Mwislamu akisahau kusoma, jina la Mungu limo moyoni mwake, na nyama ni halali. Kuku yule alikuwa halali kama kuku mwingine yeyote. Nilikuwa na haki ya kumla na kulamba vidole. Lakini mkono ulikataa kwenda. Mara nyingine najiambia ilikuwa huzuni tu. Mara nyingine najua si kweli, najua nilimtilia shaka mume wangu kwenye kitu cha mwisho alichobaki nacho. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilitoka mdomoni ikaishia kwenye sahani.

Jumatatu yake aliviosha visu vyake vitatu, akavifunga kwenye kanzu ya zamani, akamwita mwenzake aliyefanya naye kazi machinjioni miaka ishirini. Niliwapelekea chai. Nikadhani anavitoa kwenda kunolewa. Mgeni alipoondoka na kile kifurushi kwapani ndipo nikaelewa, na nikapandisha hasira. Nikamwambia amekuwa mwendawazimu, Idi hiyo mlangoni, miezi yote tumeshinda tunafukuzana na kuku, na mkono umesharudi!

Aliniacha nimalize.

"Mukono umerudi," akasema. "Ile kuku, we haukukula."

Nilikaa chini palepale. Nikamweleza yote: kwamba hakusoma, kwamba nilidanganya, kwamba sheria inamsamehe, aende akamuulize mwalimu yeyote anayemtaka. Akasema haina haja, sheria anaijua, yeye mwenyewe amewafundisha vijana wengi. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

"Watu wanaleta mbuzi na kwenda zao," akasema. "Watakula bila kuuliza. Mi siwezi kuwapa chenye we umeshindwa kula."

Idi ilifanyika uani kwetu kama kila mwaka, kwa sababu watu wamezoea uwanja wetu. Alichinja yule mwenzake, kwa visu vilevile. Mume wangu alivaa kanzu mpya, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, akapokea salamu za watu. Wengi walidhani anapumzika tu, mwakani atarudi, nao wakamwambia hivyo. Alikuwa anawaitikia inshallah. Kila mbuzi alipolazwa, mzee aliinamisha kichwa na kutega sikio la kulia, lile zima. Mbuzi wa mwisho alipokwisha, akaniambia amechoka.

Mchana tukakaa wawili mkekani. Nilikuwa nimekaanga ini kwa vitunguu, kama kila Idi. Nikaweka sahani katikati, nikasoma Bismillahi yangu ya kula, halafu sikujua mkono niupeleke wapi. Alikuwa ananitazama. Akachukua kipande kwa vidole vyake, vinatetemeka tena, mafuta yakadondoka kwenye kanzu mpya, akakiweka upande wangu wa sahani.

"Kula, mama," akasema. "Hii wamesoma. Nimesikia mi mwenyewe."

Nikala. Alinitazama mpaka nikameza, ndipo naye akaanza kula.